Shimo la Upande wa Kushoto

Mimi nimelelewa na mifupa. Sisemi hivyo nikitafuta huruma. Kwetu Homa Bay, karibu na ufuo, samaki wakubwa waitwao mbuta walikuwa wakikatwa minofu, minofu inapakiwa kwenye barafu na kwenda kuliwa na watu tusiowajua, na kilichobaki kilikuwa chetu: kichwa, mkia, na uti wa mgongo wenye vipande vya nyama mbavuni. Tulikiita mgongo wazi. Mama yangu alikinunua kwa karai, akakikaanga kando ya barabara mpaka kikakauka vizuri, na kwa mgongo wazi huo nikavaa sare ya shule, nikala, nikanenepa. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu fulani ni taka, huwa namtazama mara mbili.

Na bado nilikuwa sijaona kitu.

Niliolewa Uriri, nchi ya mahindi na miwa, ambako harufu ya samaki hufika siku ya soko tu. Huku mke haitwi kwa jina lake, huitwa kwa kwao. Mama mkwe wangu aliniita nyar nam, binti wa ziwa, tangu siku ya kwanza, na kwa jinsi anavyolitamka hujua kama leo nimepatia au nimekosea. Nyumbani tunasema Dholuo, yaani Kijaluo. Haya maneno yake ninayaweka kwa Kiswahili, na naomba radhi kwa ladha itakayopotea njiani.

Mama mkwe alikuwa sauti ya kanisa letu. Wimbo ukitakiwa kuanza, hata kasisi alimtazama yeye. Alianza peke yake, akiwa amefumba macho, na mstari wa pili sisi wengine tukaingia nyuma yake tukiwa na aibu kidogo, kwa sababu yeye alikuwa ameshausema wote. Halafu kikaja kikohozi. Kwanza alikatisha ubeti wa nne. Kisha wa tatu. Mwishowe akawa anaanza tu na kuwaachia wengine, na Jumapili moja hakuanza kabisa. Alikaa na leso mdomoni akitazama sakafu, na wimbo ukaanzishwa na mwanamke mwingine, kwa sauti isiyo ya mama mkwe wala yetu. Nililia kanisani siku hiyo, na watu wakadhani nimeguswa na mahubiri.

Sababu tuliijua. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo chenye mafiga matatu na kidirisha cha kupitisha paka. Alipikia kuni zikipatikana, na zisipopatikana magunzi ya mahindi, na mvua ikinyesha majani makavu ya miwa, ambayo hutoa moshi mzito wa kumfukuza nyuki. Ukuta ulikuwa mweusi ukimeremeta. Mume wangu alipompeleka hospitali Migori, daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anavuta sigara. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akasema hapana. Daktari akasema, "Basi amevuta jiko. Dawa nitampa, lakini mkimrudisha kwenye moshi ule, mtaniletea tena, na hiyo mara nyingine sitakuwa na la kuwaambia."

Tulimwambia aache kupika. Akatutazama kana kwamba tumemwambia aache kutembea.

"Mwanamke asiye na moto wake ni mgeni kwake," alisema. "Nife nikiwa mgeni?"

Tukanunua mtungi wa gesi. Ukaisha, bei ya kuujaza ikatushinda, ukawa kiti cha kuku. Nikaelewa kwamba mama huyu hataondoka motoni. Ni moto wenyewe uliopaswa kubadilika, na mimi sikujua moto hubadilishwaje.

Chama chetu cha akina mama kilikwenda Oyugis kutembelea boma moja nyuma ya soko. Tuliambiwa tutaonyeshwa namna ya kupikia taka. Nilitarajia harufu, nilikuwa nimebeba leso ya ziada kwa ajili ya pua. Tulichokikuta ni mfuko mkubwa mweusi wa plastiki nene, umelala kwenye handaki, umevimba. Upande mmoja mwenye boma alimimina ndoo ya samadi iliyokorogwa na maji, na juu yake majani ya kabichi yaliyooza, maganda ya viazi, na ndizi zilizolainika ambazo soko lilikuwa limezikataa. Akanawa mikono. Akatuingiza jikoni, akafungua kijibomba, akawasha kiberiti.

Mwali ulitoka wa buluu, hauna sauti wala moshi. Ulikaa pale juu ya jiko dogo la chuma kama uliokuwapo siku zote. Wenzangu walianza kupiga makofi na kuuliza bei. Mimi nilinyoosha kidole nikakiingiza motoni kwa makusudi, kikaungua sawasawa, na hapo ndipo nikaamini. Samadi ile ile tuliyokuwa tukiikwepa kwa miguu! Kabichi iliyooza! Ndani ya vitu hivyo vyote kulikuwa na moto umelala, tangu dunia iumbwe, na sisi tulikuwa tukivuka juu yake kwenda kutafuta kuni. Nilihisi hofu, ile hofu unayoisikia ukisimama karibu na kitu kikubwa kuliko wewe.

Sasa, mimi nikishapenda kitu sina breki. Hilo kila mtu Uriri atakuambia.

Mama mkwe alikuwa amelazwa tena Migori, wiki nzima, na mume wangu alikuwa akishinda naye huko. Nikaona ndiyo nafasi. Arudi akute moto mpya unamngojea. Nikakopa bei ya mfuko kwenye chama chetu, nikampata fundi, Mkuria kutoka upande wa Isebania, kijana mpole mwenye buti za mpira, ambaye mimi na yeye tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja. Alizunguka boma, akatazama mteremko, akatazama zizi na jiko.

"Mama, hapa ndio fiti," alisema, akikanyaga kiwanja kilichokuwa wazi kando ya nyumba ya mama mkwe. "Jua iko, zizi iko karibu, paipu haitakuwa refu. Kwani hapa mliacha ya nini?"

"Hakuna kitu hapo," nikamjibu. "Chimba."

Hakuna kitu hapo! Miaka kumi na miwili nimekaa katika boma lile. Nimepita mbele ya kaburi la baba mkwe kila asubuhi, upande wa kulia wa nyumba ukisimama mlangoni ukitazama lango. Najua, kama kila mtoto wa Kijaluo anavyojua, kwamba mume hulazwa kulia na mke kushoto. Kile kiwanja hakikuachwa wazi kwa bahati. Kilikuwa kinamngoja mwenyewe. Lakini kichwani mwangu siku hiyo hakukuwa na kushoto wala kulia, kulikuwa na mwali wa buluu tu.

Kibaya zaidi, nilitafuta wachimbaji hodari. Na wachimbaji hodari kijijini kwetu ni wanaume wawili wale wale wanaoitwa kila penye msiba. Walipofika, mmoja alitazama mahali nilipopigia vigingi, akamtazama mwenzake.

"Mama, ni hapa kweli?"

"Ni hapa. Nimewaita mchimbe, sikuwaita mniulize maswali."

Wakachimba. Walichimba jinsi mikono yao ilivyozoea: kuta zimenyooka, pembe zimekatwa kwa ustadi, udongo mwekundu umelundikwa upande mmoja. Handaki la mfuko linatakiwa kuwa refu sana, lakini kufikia alasiri ya siku ya kwanza walikuwa wamefika urefu wa mtu mzima. Wakapumzika, wakakaa juu ya udongo wakinywa uji niliowapikia.

Jirani yetu mmoja alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akaona shimo. Akaona upande. Akaona ni akina nani wamelichimba. Akatupa mzigo chini, akashika kichwa, akapiga nduru iliyosikika mpaka sokoni.

Hamjui nduru ya kwetu kama hamjaisikia. Haiulizi. Watu walitoka kila boma wakikimbia, wanawake wakilia, mzee mmoja akiwa amevaa kiatu kimoja. Nilikuwa nikikimbia huku na huku nikisema hapana, hapana, ni gesi, na kila nikisema gesi kilio kinapanda. Ndipo gari la kukodi likasimama langoni, siku moja kabla ya tuliyopatana, na marehemu akashuka akiwa ameshika ndizi.

Mama mkwe alitutazama sote. Kisha akatazama juu ya vichwa vyetu, kando ya nyumba yake. Mume wangu, aliyekuwa nyuma yake na mifuko ya dawa, alitazama huko pia, na uso wake ukabadilika rangi.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliketi palepale langoni juu ya begi lake.

"Daktari amesema naendelea vizuri," alisema. "Kumbe nyinyi mna habari nyingine."

Yule jirani, badala ya kujificha, alijitetea, "Mimi nimesema nilichokiona. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Watu walimvuta pembeni.

Nilimpigia magoti mama mkwe nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia Oyugis, nikarudi kwa daktari, nikaingiza kabichi. Machozi yalikuwa yakinitoka kwa aibu na kwa hasira ya kujikasirikia. Nilikuwa nimetaka kumpa pumzi, nami nikamwonyesha kaburi lake. Yeye alinisikiliza akikohoa, na kila kikohozi kilinipiga mimi.

Na shida haikuwa aibu tu. Kwetu shimo la namna hiyo likishachimbwa haliachwi likilala wazi, wala halifukiwi tupu. Limefunguliwa, lazima lipewe kitu. Ndiyo maana likichimbwa kwa makosa watu hukata shina la mgomba, wakalilaza mle badala ya mtu. Wale wachimbaji walikuwa tayari wametafuta panga. Baadhi ya watu wa kanisani walisema hayo ni mambo ya zamani, lakini niliona hakuna hata mmoja wao aliyeondoka kabla ya kuona yatakavyokwisha.

Mama mkwe aliinua mkono wachimbaji wangoje.

"Nyar nam," aliniita, na kwa mara ya kwanza sikuweza kujua alilitamka namna gani. "Hili shimo lako lilikuwa la kula nini?"

"Samadi, mama."

"Na nini tena?"

"Maganda. Majani ya kabichi. Matumbo ya samaki. Chochote kinachooza."

"Mgomba?"

Nilimgeukia fundi, nikamtafsiria. Naye akajibu kwa upole, kana kwamba ameulizwa jambo la kawaida kabisa, "Mgomba pia inakula, mama. Ikatwekatwe tu iwe ndogo."

Mama mkwe alimalizia ndizi yake, akalishika ganda mkononi akiligeuzageuza.

"Basi wekeni mgomba, lilale na kitu," alisema. "Kesho endeleeni kuchimba. Lirefusheni mpaka liwe refu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mtu akipita aseme, hili si kaburi, hakuna aliyezaliwa wa kulijaza."

Akaenda ukingoni, akalitupa lile ganda ndani, akaingia nyumbani kwake.

Siku tatu baadaye handaki lilikuwa refu kama ng'ombe wawili waliofuatana. Lile shina la mgomba lilitolewa, likakatwakatwa, likakorogwa na samadi ya kwanza. Fundi alitaka kutuonyesha namna ya kukoroga, ndoo moja ya samadi na moja ya maji. Mama mkwe alimsogeza kando. Mwanamke aliyekandika nyumba kwa mavi ya ng'ombe tangu utoto hafundishwi kukoroga. Aliingiza mikono mpaka viwiko, akatoa nyuzi za majani, akatoa vijiwe, akalainisha mpaka tope likateleza kama uji wa mgonjwa. Fundi alitikisa kichwa. Alisema katika kazi yake yote hajaona mchanganyiko kama ule, na mama mkwe, nilipomtafsiria, alijifanya hajasikia.

Kisha tukangoja, na kungoja kulikuwa kubaya. Mfuko ulilala bapa. Mama mkwe aliendelea kupika kwenye mafiga, moshi ukitoka kwenye majani ya paa, na mimi nikihesabu vikohozi kutoka nyumbani kwangu. Watu waliokuwa wakipita waliutazama mfuko, wakauliza kwa adabu ya uongo kama mgonjwa ameamka. Asubuhi moja mfuko ukaonekana umeinuka kidogo. Nikakimbia kuwasha jiko, kiberiti kikazimika. Nikawasha cha pili, cha tatu. Nikampigia fundi simu nikimfokea. Akasema gesi ya kwanza haishiki moto, niiachilie yote itoke, ningoje upya. Nikaiachilia, na nilipoona mfuko unalala tena nilikaa chini nikashindwa hata kulia. Mama mkwe alikuja na ndoo yake, akamimina bila kunitazama.

"Hata mimba haionekani mwezi wa kwanza," alisema.

Uliinuka tena, na safari hii haukusita. Kila asubuhi ulikuwa umepanda. Nilikuwa nikiamka, kabla sijanawa uso, naenda kuuwekea mkono. Ulikuwa na joto la jua, ukisukuma kiganja changu kutoka ndani, taratibu, kama tumbo la mja mzito. Hakuna aliyekuwa akiupuliza. Ndani ya giza lile vitu vilivyokwisha, vilivyotupwa, vilikuwa vinafanya kazi ambayo hakuna kati yetu angeweza kuifanya. Naliona jambo hilo kila siku sasa na bado sijalizoea. Nimesoma maelezo, najua kuhusu vijidudu visivyoonekana. Maelezo hayajapunguza chochote.

Siku tuliyowasha, mama mkwe alivaa leso yake ya kanisani. Tulikuwa tumeliweka jiko jipya kando ya mafiga, kwa kuwa alikataa mafiga yaondolewe. Nilimpa kiberiti yeye. Alifungua kijibomba, akasogeza njiti huku amegeuza uso pembeni kama alivyozoea, leso tayari machoni.

Mwali ukashika, wa buluu.

Alingoja. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, yakingoja kuwashwa. Halafu akayafumbua polepole. Akatazama moto, akatazama paa, akatazama kidirisha cha paka.

"Moshi uko wapi?" aliniuliza.

"Hakuna, mama."

"Umeenda wapi?"

Akasogea karibu, uso wake ukaja juu ya moto kiasi ambacho hakuna mwanamke wa kijiji chetu aliyewahi kusogea na akabaki na macho. Akavuta pumzi, ndefu. Kisha akalia, bila moshi wowote wa kusingizia.

Dawa na muda vilifanya yaliyobaki. Kikohozi hakikukimbia, kiliondoka kidogo kidogo kama mgeni asiyependa kuaga. Lile tope linalotoka upande wa pili wa mfuko, likishamaliza kutoa moto, tulilimwaga kwenye sukuma wiki, na majani yakawa mapana na meusi kiasi kwamba yule jirani wa nduru alikuja kuomba ndoo moja. Nikienda kwetu Homa Bay sirudi mikono mitupu: nabeba matumbo ya samaki kwenye ndoo yenye kifuniko, na omena, dagaa wetu wa ziwani, iliyonyeshewa ikaharibika kabla ya kukauka. Watu wa boda boda wananijua, wananitoza zaidi kwa ajili ya harufu. Mama mkwe hupokea ndoo hiyo kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea mtoto.

Jumapili moja mwanamke mwingine alisimama kuanzisha wimbo. Kabla hajafungua kinywa, sauti ilitoka benchi ya mbele, iliyozeeka, yenye mkwaruzo kidogo, ikiwa imefumba macho. Ilimaliza ubeti wa kwanza. Nilishika ukingo wa benchi. Ubeti wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kanisa zima lilinyamaza, hakuna aliyethubutu kumsaidia, na akaumaliza.

Juzi alasiri tulikuwa sote wawili kando ya mfuko, tukimimina. Aliweka ndoo chini, akaenda mpaka kwenye pembe ya nyumba yake, akaanza kuhesabu hatua kwa kisigino na kidole, kutoka ukutani kuja kwenye mfuko. Akasimama kwenye ukanda wa nyasi uliobaki katikati, bado upande wa kushoto.

"Hapa mimi naenea," alisema. "Msinibadilishie upande kwa sababu ya gesi yenu."

"Mama, acha maneno hayo."

"Siyaachi. Na siku hiyo wageni msiwapikie kwa kuni. Moshi wangu nimeshaumaliza."

Nilicheka, kwa sababu vinginevyo ningelia. Nilimwambia msiba wake utaleta Uriri yote na nusu ya Homa Bay, na mfuko mmoja hauwezi kuchemshia watu wote hao hata chai.

Aliinua ndoo yake, akaitikisa tone la mwisho.

"Basi chimbeni lingine," alisema. "Mimi sina haraka."